Bia ya Fenesi na Mtani Aliyegeuka Mkwe

Mtani wangu Kondo,

Nakuandikia wewe, si yule bwana mpole anayekaa nyumbani kwako Vihingo, Kisarawe, siku hizi, anayevaa koti hata kwenye jua la saa saba mchana na kuniita "mkwe." Yule sina ugomvi naye. Ni mtu mwema, anasalimia vizuri, anauliza afya ya kila mtu hapa Kibaha mpaka kuku. Lakini tangu aje yeye, wewe hujaonekana. Barua hii naiandika hadharani kwa sababu nikiituma kwako ataifungua yeye, ataisoma na miwani yake, kisha atanijibu, "Nimepokea, mkwe, Mungu akubariki." Ujumbe wa namna hiyo ninao tele kwenye simu, sihitaji mwingine.

Unakumbuka tulivyokutana? Mimi nilikuwa fundi wa pampu kwenye mitambo ya maji kule Ruvu, wewe ulikuwa unakuja getini na baiskeli iliyojaa machungwa kutoka shambani kwako. Siku ya kwanza uliniuliza mimi mtu wa wapi. Nikakujibu Tabora, Mnyamwezi. Ulinivua kofia, ukaivaa, ukapanda baiskeli yako ukaenda zako. Wenzangu walitaka kumwita mlinzi, mimi nikawaambia waache, huyu ni Mzaramo, nimepata mtani. Uliporudi na machungwa mengine nilijaza mifuko yangu yote bila kukuuliza, nawe ukasimama unaniangalia ukiwa na kofia yangu kichwani. "Chukua tu, mpagazi," ulisema. "Babu yako alitembea na mzigo kichwani kutoka Unyamwezi mpaka Bagamoyo, najua njaa yake haijaisha mpaka leo." Tangu siku ile hatukuwahi kuongea kistaarabu, na sijui kama nimewahi kuwa na rafiki mwingine wa kunifurahisha kiasi hicho.

Halafu nikastaafu. Mama Vero, mke wangu, ambaye wewe ulikula ugali wake kuliko nilivyoula mimi, alinivumilia kwa muda. Nilikaza bawaba ambazo hazikuwa zimelegea. Nilifungua redio nzima, ikawa mbovu. Mwisho akaniambia nitafute kitu cha kunitoa jikoni kwake, nami nikapata cha kuniingiza zaidi. Kwenye simu nilimkuta mzungu mmoja mwenye ndevu anapika bia ya ngano nyumbani kwake, anaitia matunda, anaionja, anafumba macho. Nikajiambia, mama yangu alipika pombe ya mtama na ya asali kwenye chungu cha udongo bila kuangalia simu ya mtu. Mimi niliyeendesha pampu za kunywesha jiji zima, nitashindwa na ndoo?

Kwanza kikawa kimea. Nilinunua ngano nzima, nikailoweka, nikaitandaza kwenye jamvi uani ichipue. Ukaingia kwa mlango wa jikoni, bila hodi, kama ilivyo tabia yako.

"We Mnyamwezi, umemwaga nini hapa?"

"Kimea."

"Cha nini?"

"Cha bia. Bia ya ngano."

Ulichuchumaa, ukaokota punje moja, ukaigeuza geuza kwenye mwanga. "Ngano," ulisema kwa huzuni. "Chapati za watoto hizi. Unataka kuzinywa."

Nikakuomba unilindie jamvi nikaoge. Niliporudi nilikuta kuku wa jirani wamejaa juu yake, wewe umekaa pembeni na kikombe cha chai yangu. Ulisema hukuwafukuza kwa sababu ulivyowatazama uliona ni wageni wenye heshima zao. Nikaanza upya, na safari ya pili nilililinda jamvi mwenyewe na fimbo, huku wewe ukiwaambia wapita njia kwamba serikali imenipa kazi mpya.

Nilikausha kimea juani, nikakikaanga kidogo, nikakitwanga, nikakiloweka kwenye maji ya moto, nikakichuja kwa kanga ya Mama Vero ambayo sikujua kama alikuwa anaipenda. Nikachemsha maji yake pamoja na yale maua makavu machungu yanayotiwa kwenye bia, ambayo niliagiza mjini kwa taabu. Nikaacha ipoe, nikatia hamira ya maandazi, nikafunika ndoo, nikautoboa mfuniko, nikachomeka mrija wa kutoa hewa kwenye chupa ya maji. Mzungu wa kwenye simu alisema ndoo ikae mahali penye ubaridi wa wastani. Hapa Kibaha ubaridi wa wastani uko ndani ya friji peke yake, na humo Mama Vero alikuwa ameweka samaki. Nikaisukuma chini ya meza ya jikoni nikaizungushia gunia lililoloweshwa maji. Kesho yake ilianza kucheua kupitia mrija, na wewe ukavuta kigoda ukakaa kuisikiliza. Ulisema inafanana na shangazi yako akishakula pilau.

Hujawahi kunywa pombe maishani mwako, na kwa hilo nilikuheshimu, ingawa sikuwahi kukwambia ili usije ukavimba kichwa. Lakini mama yako alikuwa mpika togwa, nawe umekulia karibu na mtungi wake. "Mimi kinywani haiingii," ulisema, "ila pua haijakatazwa kitu." Basi ukawa unafunua mfuniko, unainama, unavuta pumzi, na mimi nasimama nyuma yako nimeshika mwiko nikingoja hukumu. Bia yangu ya kwanza ilikuwa ya machungwa. Ulivuta pumzi mara moja tu, ukaurudisha mfuniko polepole, ukaniuliza kama nina uhakika sikusahau soksi humo ndani. Mama Vero aliimwaga kwenye mgomba. Mgomba ulikauka, ingawa mimi mpaka leo nasema ulikuwa mgonjwa tangu zamani.

Ya pili ilikuwa ya nanasi. Povu lilipotulia nilikuwa nimeshaosha chupa, nimepanga vizibo, nina haraka. Ukanusa ukasema, "Acha. Bado nasikia utamu."

"Imenyamaza, Kondo. Haicheui tena."

"Na wewe ukinyamaza huwa umemaliza maneno? Iache, nasema."

Nikaiacha kwa kuchoka tu kubishana. Uliporudi na pikipiki yako ya matunda, ile iliyorithi kazi ya baiskeli, ukainusa tena, ukatikisa kichwa, ukasema haya, fungia chupani. Mtani, ile bia ilitoka ya rangi ya dhahabu, ina povu, ina harufu ya nanasi kwa mbali. Wenzangu wa kwaya waliinywa baada ya mazoezi na wakadai hatujawahi kuimba vizuri namna ile. Niliwaambia nimepika peke yangu. Ulikuwa umesimama mlangoni, ukawaambia mnamwona huyu, hata kubeba ndoo nilimsaidia, mjukuu wa wapagazi.

Fenesi lilikuwa wazo lako. Ulinitumia gunia zima kwa gari la Kisarawe, na juu yake umeandika kwa mkaa, herufi kubwa, MPAGAZI, KIBAHA, HILI BEBA MWENYEWE. Kondakta alilishusha mbele ya duka akalisoma kwa sauti. Mpaka leo nusu ya mtaa inaniita Mzee Mpagazi. Nami kwa kuwa nina kiburi sikupaka mafuta mikononi kabla ya kupasua, utomvu ukanishika, kisu kikanigandia kiganjani, kiganja kikagandia fenesi, nikabaki nimelikumbatia katikati ya ua. Ulipofika ukanikuta hivyo, ulicheka mpaka ukalala chini kwenye jamvi. Kisha ukaamka, ukaniosha mikono kwa mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja, huku unanitukana. Siku ile nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu moyo unauma.

Kwa sababu sisi tulikuwa tunapigiana kelele jikoni, na watoto wetu walikuwa sebuleni wanazungumza kwa sauti ya chini, na kwa kelele zetu hatukusikia kitu. Shabani wako anakuja kukuletea pikipiki, Vero wangu anampa maji ya kunywa. Maji yale yaliwachukua muda mrefu sana kwisha, na sisi wazee wawili tunabishana kuhusu hamira. Walipotuambia walikuwa wameshakubaliana kila kitu, hata mambo ya dini walishayazungumza na wazee wa pande zote mbili yakaisha kwa amani. Mimi nilifurahi. Nilisema afadhali ukoo ninaoujua ubaya wake. Nilikusubiri uje nikwambie hivyo usoni, hukuja. Juma lililofuata hukuja. Nikasikia kwamba uko Vihingo, umenunua koti.

Mila nazijua, mtani. Wakwe hawataniani. Mtu ambaye mtoto wake na wako wameoana unampa heshima zote, unapima maneno kabla ya kuyatoa. Nilijua hayo yapo duniani, ila sikudhani yatakuja kukaa kati yangu na wewe.

Bia ya fenesi ikawa tayari, au nilidhani iko tayari, kwa sababu hapakuwa na pua ya kuniambia. Yangu iliharibiwa na klorini na grisi za miaka yote ile Ruvu, siwezi kutofautisha fenesi na rangi ya ukuta. Povu lilikuwa limetulia. Nikafungia chupani, na kwa kuwa Mama Vero hakutaka kuziona jikoni kwake siku ya wageni, nikazipanga nyuma ya sofa kubwa na kuzifunika kitenge.

Mkaja kuleta posa. Wewe, mtu wa mlango wa jikoni, ukapiga hodi mlango wa mbele! Ukavua viatu, ukaniinamia, "Habari za hapa, mzee mwenzangu." Nilitazama nyuma nione unamsalimia nani. Mshenga wenu, yule mzee mwembamba wa kanzu iliyopigwa pasi, akakalishwa kwenye sofa kubwa. Akakohoa. Akaanza vizuri sana, akasema wamepita njia, wameona ua zuri katika nyumba hii, na alipofika kwenye ua chupa ya kwanza ikapasuka.

Ya pili ilitoa kizibo kikapiga dari. Zilizobaki zikafuata moja baada ya nyingine, na kitenge kikainuka chenyewe. Mama Vero alilala juu ya sahani za pilau kuzikinga. Kipande cha fenesi kilining'inia kwenye taa. Mungu libariki lile sofa, lilikuwa zito, halikumpitishia mtu kipande cha chupa hata kimoja, lakini mshenga alilowa kuanzia kofia mpaka kiunoni, ananuka baa, na saa ya swala ya alasiri inakaribia. Alipelekwa bafuni akaoga. Tatizo likawa avae nini. Katika nyumba yangu kitu kirefu cheupe ni kimoja tu, joho langu la kwaya. Nilihakikisha mara mbili kwamba halina msalaba. Akatoka nalo, limempwaya mikono imepotea ndani, akaketi kwenye kiti cha mbao mbali na sofa, akasema kwa utulivu wote, "Tulikuwa tumefika kwenye ua."

Nilikugeukia wewe. Mtani, nilikuwa nimekupa utajiri ambao watu hawaupati katika maisha mawili. Fenesi liko kwenye taa. Mshenga wa Kizaramo yuko ndani ya joho la kwaya. Mimi nimesimama na bia inanidondoka kwenye nyusi. Nilikuwa tayari, nimeshajikaza, nasubiri useme lile ambalo ungelisema na ambalo ningelisikia mpaka siku ya kufa kwangu. Niliona mdomo wako unatetemeka. Ukaurekebisha. Ukainamisha kichwa ukasema:

"Pole sana, mkwe. Tunashukuru hakuna aliyeumia."

Harusi ilikuwa nzuri, sina la kulalamika. Shabani ni kijana mwenye adabu na Vero wangu amenenepa. Lakini magunia yanayokuja sasa yameandikwa kwa kalamu ya wino, KWA MKWE MHESHIMIWA, na fenesi limeshapasuliwa na kufungwa kwenye mfuko ili nisichafuke. Nani alikwambia sitaki kuchafuka? Nikikupigia simu unauliza mvua, nami nakuuliza mihogo, tunashukuru Mungu kwa zamu, tunaagana. Nikikata, Mama Vero ananiuliza nilikuwa naongea na nani, maana kwa sauti yangu alidhani ni ofisi ya pensheni.

Nimepika tena, mara nyingi tu, na sasa najua ninachofanya. Nawapa watu waonje. Wanasema "si mbaya, mzee," wanasema "hongera," wanarudisha glasi nusu. Hakuna anayeniambia ukweli, mtani. Wote wananiheshimu, na hiyo heshima ndiyo inayonizeesha. Bado natokeza uani na mwiko mkononi nikisikia pikipiki inapunguza mwendo, na mara zote ni jirani.

Nitakwambia linaloniogopesha, maana kwa mkwe siwezi kulisema. Siku nitakapokufa mimi, atakuja yule bwana wa koti. Atakaa kwenye mkeka, atatikisa kichwa, atasema nilikuwa mtu wa watu. Simtaki. Nataka aje mtani. Nataka aingie kaburini kabla yangu, alale chali, aseme Mnyamwezi huyu hashuki hapa mpaka arudishe machungwa, na watoto wangu wacheke katikati ya kilio kwa sababu baba yao alikuwa na mtu wa kumfanyia hivyo. Na kama utatangulia wewe, nani ataniruhusu niliangushe lile jeneza lenu la heshima na kudai kofia yangu? Watasema mkwe amechanganyikiwa, wataniketisha kivulini wanipe maji. Nimekukumbuka, Kondo. Nimekukumbuka kiasi kwamba siku nyingine natukana redio.

Sasa sikiliza. Nimekaa nikaitafakari hii mila vizuri, nikiwa nimekaa karibu na ndoo, maana iko ndoo ya fenesi hapa chini ya meza, imenyamaza, na sijathubutu kuifungia chupani. Wakwe hawataniani, sawa. Mimi siwezi kukugusa, wewe huwezi kunigusa. Lakini babu na mjukuu ni watani tangu dunia iumbwe, hilo hakuna shehe wala padri wala mzee wa ukoo atakayelipinga. Na watoto wetu, Mungu awape maisha marefu, wamempa mtoto wao jina la babu yake mzaa baba. Jina lako.

Jumamosi mnamleta Kibaha kwa mara ya kwanza. Nakupa taarifa mapema nisije nikaambiwa nilivizia. Nitampokea mlangoni, nitampakata, nitakaa naye kwenye lile sofa, na mbele ya ukoo wenu wote nitamwambia, "Kondo, huna jino hata moja, huna nywele, unalala mchana kutwa, hujawahi kulima hata tuta moja, na bado watu wanakupikia na kukuogesha. Kweli wewe ni Mzaramo." Hapo nitakuwa ndiyo kwanza naanza. Nimeandaa mambo ya kumwambia yatakayotufikisha magharibi, nimeyafanyia mazoezi uani, na Mama Vero amenionya mara mbili. Nitataja miguu yake. Nitataja anavyocheza ngoma. Nitamuuliza koti lake liko wapi.

Wewe kaa kimya ukipenda, unywe chai yako, useme "karibu, mkwe." Hiyo ni haki yako. Ila mjukuu wangu ni mdogo, Kondo, hata kusema hajaanza. Usimwache atukanwe peke yake.

Nakuacha hapa, maana ndoo imecheua tena na sijui ina maana gani.

Ni mimi, mtani wako wa Kibaha,
babu mzaa mama wa Kondo.